Mgunga Umechipua Nami Nimo Edani

Siku hiyo nilikuwa nimemjibu vibaya mkwe wangu. Mwantumu alisimama mlangoni, jembe begani, akaniuliza, "Mama, tupande au tungoje?" Nikamwambia, "Kwani mie ndiye mvua?" Akainama, akaondoka. Kwetu mbegu hutangulia mvua ya masika kwa siku tatu nne tu, huzikwa kwenye vumbi kavu. Ukiwahi sana, panya na sisimizi huzila, ukichelewa, msimu umekutupa. Aliyekuwa akituambia "pandeni kesho" ni mume wangu, Semkiwa, na sasa ana miezi miwili kaburini. Mie nimo edani, sitoki. Lakini hapo hapo uani nilikuwa nimeona dalili za mvua: mgunga wa nyuma ya bafu umetoa majani kabla ya tone hata moja, siafu wanapandisha mayai ukutani, ndege tipitipi analia kichakani tangu alfajiri. Nikafumba macho. Niliona ni dhambi kufurahia jani bichi na yeye yuko chini. Nikaswali adhuhuri, nikajinyoosha mkekani, usingizi ukanichukua pamoja na machozi yangu.

Nikajikuta katika nchi ya majivu, ambako miti yote ilikuwa imenipa mgongo na jua limesimama mahali pamoja kama limesahauliwa. Mlangoni pa nyumba isiyo na dirisha aliketi Bi Majonzi, mnene, mpole, akanipokea kwa mikono miwili. "Karibu, mwenzangu. Humu hakuna msimu, na hakuna wa kukuuliza kitu." Mbele ya nyumba yake mzee mmoja, Kata-Tamaa, alikuwa aking'oa kila chipukizi lililojitokeza ardhini na kulifagia kando. "Yanaumiza macho haya," akaniambia. "Wewe bibi, macho yako umeyafumba vizuri. Nikuajiri?" Wakacheka wote wawili, nami, Mungu anisamehe, nikavua kandambili niingie.

Ndipo mwanamke mkavu, visigino vimepasuka, akanishika mkono. Jina lake Subira. Akanionyesha bonde ambako Mwantumu alisimama na wanawe, jembe mkononi, wote wakitazama njia kama wanaongoja mtu, na nyuso zao zilikuwa zimeshaingia njaa.

"Umeona dalili," akasema Subira, "ukazinyamazia. Eda imekufunga mlango, mwanangu, haikukufunga mdomo."

"Nikisema nitapata faraja?"

"Sikuja na faraja. Nimekuja kukuuliza hawa watakula nini mwezi wa saba."

"Na Semkiwa? Yuko upande gani wa nchi hii?"

Akanitazama kwa huruma iliyonikata maini. "Hayupo huku. Na huko unakorudi hayupo."

Nikaamka adhana ya alasiri ikiita, kifua kizito kuliko nilivyolala. Ukimya wangu niliuita kumlilia mume wangu, kumbe nilikuwa ninazika pamoja naye chakula cha wajukuu zake. Huzuni haikupungua hata chembe. Nikajikongoja hadi mlangoni, nikaita.

"Mwantumu! Pandeni kesho asubuhi. Mahindi kwanza, upande wa bondeni."

Akaja mbio, mikono ina unga. Akanitazama kana kwamba amesikia sauti ya mtu mwingine.

"Mama, una hakika?"

Mie sina hakika ya kitu chochote tena katika dunia hii.

"Pandeni," nikamwambia.