Kifaransa cha Kuungamia

Mwaka ule wa nzige, Waingereza wakitawala, kila mtoto wa Tabora aliyeota kazi ya bomani au ya reli alihangaikia Kiingereza. Eustadia, binti wa miaka kumi na minne, yeye alihangaikia Kifaransa. Kila alasiri alikaa kibarazani na Sista Koleta, akirudia maneno mpaka midomo ikachoka.

"Una wito, mwanangu," Sista alimwambia. "Bidii hii si ya bure."

Eustadia akainamisha kichwa. Kweli haikuwa ya bure, ila wito hakuwa nao. Alikuwa na dhambi.

Padri Eustace, Mfaransa mzee wa misheni yao, masikio yake yalikuwa mazito. Ukinong'ona, atakwambia, "Sema kwa sauti, mwanangu," na waliopanga mstari nje wakasikia yote. Watani wa mtaa wa Isevya walikuwa wamekwisha kukitungia kitendawili kibanda chake cha maungamo.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai."

"Hukupata. Nipe mji."

"Chukua Igalula."

"Nilikwenda Igalula, nikala, nikashiba. Ni kibanda cha Padri. Dhambi unaiacha ndani, unaikuta sokoni."

Dhambi yenyewe ni hii: Eustadia alikula asali ya wagonjwa, kibuyu kizima kilicholetwa kutoka Ipole, na alipoulizwa na Sista akasema, "Nilimwona Bernadeta." Rafiki yake huyo akafukuzwa shule. Sasa analima karanga na mama yake, na watoto wakimwona njiani wanamwita Nyuki.

Jumamosi moja, maneno ya Kifaransa yalipomtosha, Eustadia akaenda kuungama. Nyuma yake mstarini akaja kusimama Mama Bernadeta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaingia, akayasema yote kwa Kifaransa, kwa sauti, bila kuficha jina. Padri akasogeza mdomo kwenye wavu, akanong'ona kwa Kifaransa, polepole, ili binti amwelewe:

"Mungu anajua Kifaransa. Bernadeta hajui. Kamwambie yeye, na mama yake, na Sista, kwa lugha wanayoielewa."

Eustadia akatoka.

"Umesikika mpaka huku," Mama Bernadeta akamwambia, akitabasamu. "Kama Masista wenyewe. Nami nikasema moyoni, laiti Bernadeta wangu asingeigusa ile asali, leo mngekaa dawati moja."

Watu wanane walikuwa mstarini. Eustadia aliwahesabu. Angeweza kungoja wawe wawili tu njiani, au kungoja kesho, na kesho yake.

"Hakuigusa, mama."

"Unasemaje?"

"Bernadeta hakuigusa asali. Niliila mimi. Na mimi ndiye niliyemsingizia."

Mama Bernadeta alimtazama binti huyu aliyewahi kula ugali nyumbani kwake, akamtazama tena. Kisha akakaza kanga kiunoni, akatoka mstarini bila kuungama.

"Tangulia," alisema. "Yuko shambani. Utamwambia mwenyewe, nami nitakuwa nyuma yako."