Mtaa Nisioujua

Mchungaji aliposema wageni wasimame, magoti yangu yalisimama kabla akili yangu haijaamka. Huo ndio ukweli, na sitaupamba. Kanisa zima liligeuka kunitazama, mabati yakilia kwa jua la saa nne, nami nikashika mgongo wa benchi la mbele nikasema kama tunavyofundishwa kwetu tangu utoto, mtu anapofika kwa watu: jina, mume, kilima, watoto, na mahali ulipolala.

"Ninaitwa Nyirabizimana, mjane wa Nehemiya wa kule Minembwe. Nimekuja na mwanangu Yonatani na mjukuu wangu Isimbi. Tunakaa Nyamitanga, kwa mama Katushabe, nyuma ya mashine ya kusaga."

"Amina," wakaitika.

Nilipoketi ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe.

Miezi miwili kabla ya Jumapili hiyo, wanaume wawili walikuja kwetu kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mchana, nikiwa napepeta maharage. Viatu vyao vilikuwa safi. Hilo peke yake lilinitisha, maana vumbi la Nakivale halimwachi mtu. Lazima walisimama mahali wakavifuta kabla ya kufika kwangu. Waliomba maji, wakanywa, wakanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama vijana waliolelewa.

"Mama, batu ba kwetu banakufa kule mulimani," mmoja akasema. "Kila nyumba inatoa kijana wa kupigana. Hapa kwako ni nani?"

"Mume wangu nilishamuzika."

"Pole, mama. Tunajua. Tunauliza huyu mwenye kubaki."

Mwenye kubaki alikuwa Yonatani, miaka ishirini na tisa, ambaye mke wake alifariki akimzaa Isimbi, na ambaye hajawahi kushika kitu kinachotisha kuliko jembe na gitaa la kwaya. Waliporudi mara ya pili aliwajibu mwenyewe kwamba hapana. Hawakugombana naye. Walimwambia tu kwamba mara ya tatu hawatauliza.

Sikulala tena usingizi wa kweli. Mbwa akibweka, nilihesabu waliolala ndani. Sikuthubutu kumwambia hata jirani niliyekula naye miaka minane, kwa sababu sikujua tena nani anakula na nani. Tukakubaliana, mimi na mwanangu, kuhamia mjini Mbarara kimyakimya, nami nitangulie kuchagua mtaa. Hakuna anayemtazama mwanamke mzee mwenye kikapu.

Kwetu ng'ombe hawakuhamishwa ovyo. Baba yangu alikuwa anatangulia peke yake na fimbo, anakaa siku nzima mahali papya bila kusema na mtu. Alitazama kwanza adui angeingilia wapi. Kisha akatazama ndama wangetorokea wapi. Majani aliyatazama mwisho. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini somo hilo nililielewa vizuri.

Basi nikaitembea Mbarara siku tatu kama malisho. Biharwe nilipapenda, hewa yake, nyumba zake zilizoachana. Lakini ile barabara kubwa ya Masaka inapita mlangoni, na kila gari lililopunguza mwendo lilinifanya nigeuke kuona nani anashuka. Ruti kulikuwa na madereva wa malori, nyuso zinabadilika kila asubuhi, na mahali ambapo kila mtu ni mgeni, mgeni mbaya humtambui. Kakoba ndiko nilikoumia. Nilisikia mwanamke dukani akimgombeza mtoto wake kwa lugha yetu, kwa maneno yale yale mama yangu aliyonigombeza, nikatamani kuingia niketi hapo nilie. Nikageuka upesi nikaondoka. Wanaokujua watakuulizia, na wakikuulizia, utajulikana.

Siku ya tatu nikavuka daraja la mto Rwizi nikapanda Nyamitanga, kilima cha Wakatoliki, watu wa hapo hapo na migomba yao. Mama Katushabe, mwenye nyumba, alikuwa ananifuata chumbani akijifuta mikono kwenye gauni lake la gomesi.

"Wewe mukaaka," yaani bibi, akaniambia kwa Kiswahili chao, "watu ingine nauliza maji, nauliza umeme. Wewe nauliza mlango ya nyuma tu. Umeiba ng'ombe ya nani?"

"Sijaiba, nyabo," nikamjibu kwa neno lao la heshima. "Napenda upepo."

"Upepo." Akanitazama sana. "Sawa. Hiyo mlango nafunguka kwa migomba, na migomba nafika mpaka mtoni. Kama unapenda upepo ya kukimbia, iko mingi."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu siku ya viatu safi.

Jioni ya kwanza pale, Isimbi, miaka yake saba, aliniomba kitendawili, kwani ndiyo mazoea yetu kabla ya kula. Nikamtegea: ni mgeni gani hakuletwa na njia, hali chakula chetu, lakini hulala katikati yetu? Akafikiri, akasema ni baridi. Yonatani aliacha kutafuna akanitazama. Nikamwambia mtoto amepata, ni baridi, na jibu langu, hofu, nikalimeza.

Tulikuwa tumeapa kutokwenda kanisa la watu wetu. Jumapili nne nilisali chumbani kwa sauti ya chini. Ya tano nikashindwa. Nilikuwa na kiu ya nyimbo zetu kama mjamzito anavyotamani udongo. Nikamwambia Yonatani naenda sokoni, nikashuka mpaka Kakoba, nikijisemea nitakaa nyuma, nitaimba, nitatoka. Sikuwaza wageni kusimamishwa. Unawezaje kuwaza kitu ulichokifanya maisha yako yote?

Baada ya ibada alinijia mwanaume mpole, anaitwa Mihigo, muuza maziwa. Alikuwa analia kweli. Nehemiya aliwahi kumpa baba yake ndama. Akanishika bega, akainua simu, na kabla sijaelewa, picha yangu imekwisha kupigwa, nami ndani yake natabasamu. Akasema na simu: "Ndugu zetu, Mungu ni mwema. Mujane wa Nehemiya ni muzima, iko hapa Mbarara, Nyamitanga, na Yonatani wetu." Akavituma, picha na sauti, katika kundi la simu la watu wa kwetu, lenye watu mia nne, toka kambini mpaka Amerika.

"Futa," nikamwambia.

"Mama?"

"Futa, mwanangu. Banamutafuta."

Uso wake ukabadilika rangi. Akafuta, kisha akatazama simu kama aliyeshika kaa la moto. "Batu sitini balishasikia, mama. Nisamehe. Sikujua."

"Na mimi niliyejua nimesema mbele ya kanisa zima."

Njia ya kurudi sikuiona. Nilipita darajani nikigeuka nyuma kila hatua, na kila pikipiki ilikuwa ya wale wa viatu safi. Yonatani nilimkuta anafua sweta ya shule ya Isimbi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kama nilivyosimama kanisani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Tufunge virago tuende wote," akasema.

"Hapana. Mwanamke mzee na mtoto wanakumbukwa popote wanapopita. Wewe peke yako ni kijana kati ya vijana. Safari hii chagua mwenyewe. Na mtaa utakaochagua, usiniambie. Mji wenyewe usiniambie."

"Mama, mutu anaishije fasi mama yake haijui?"

"Ataishi. Utaniambia uko muzima. Basi."

Akamalizia kukamua ile sweta, akaianika, akaivuta mikono yake ikakaa sawa. Akamkumbatia mtoto, akamwambia anaenda kutafuta kazi, jambo ambalo halikuwa uongo. Mimi nilimshika kichwa, nikakishikilia muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu mzima. Akatoka kwa mlango wa nyuma, saa tisa mchana, na majani ya migomba yakajifunga nyuma yake.

Jumatano wakaja. Wawili, viatu safi. Mmoja ni yule niliyempa maji Nakivale, mwingine simjui. Mama Katushabe alikuwa anapalilia. Akaja na panga lake akasimama karibu yangu, bila kuulizwa, akijifanya anatafuta magugu mlangoni pangu.

"Mama, Yonatani iko wapi?"

Kinywa changu, ambacho Jumapili kilikuwa kimemwaga kila kitu, hakikuwa na kitu cha kumwaga.

"Sijui," nikasema.

Yule wa maji akanitazama machoni muda mrefu. Nadhani alikuwa na mama. Alitafuta uongo, akakuta haupo.

"Mzazi gani hajui fasi mutoto wake analala?"

"Ni mimi."

Wakakaa kidogo, wakaondoka wakishuka kuelekea darajani. Mama Katushabe alikata gugu moja ambalo halikuwa gugu, akasema, "Hao ndio upepo yako?" Ndipo nikakaa chini kwenye udongo.

Sasa ni mwaka wa pili. Yonatani hupiga simu kwa namba ambazo hazifanani. Ni muzima. Nami ni muzima. Isimbi humsimulia mambo ya shule, na kuhusu mahali alipo hamuulizi; hakuna aliyemkataza, aliacha mwenyewe. Bado naogopa. Pikipiki ikisimama nje, mwiko unatulia sufuriani mpaka iondoke.

Juzi mimi na Yonatani tulikuwa tunaongea kwa simu, sauti ikaanza nyuma yake, mbali kwanza, kisha kubwa, sauti ya kitu kisichopatikana kila mji. Nikaanza kumweleza habari za mbuzi wa mama Katushabe, kwamba amezaa pacha, mmoja mweusi, mmoja ana doa pajini, nikapaza sauti nisiitambue hiyo nyingine, nikasimulia masikio, nikasimulia kwato, mpaka ile sauti ikapita.