Gélase na Baiskeli Isiyo na Ndizi

Kwa miaka kumi na minne Gélase alikuwa akishusha ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama, juu milimani, hadi Bujumbura, na katika miaka yote hiyo alianguka mara mbili tu. Kule Kinama, alikoishi na mkewe Adélaïde, sifa hiyo ilimtangulia kila mahali. Ukiona baiskeli ya chuma inateremka na mikungu minne, na mbele ya mikungu mtu amejibana utadhani naye amefungwa kwa kamba, basi ujue ndiye.

Kwa hiyo chama cha waendesha baiskeli kilipoandaa mashindano ya kuteremka mlima kwa njia ya udongo, katibu wake, Danielle wa Kinindo, alimfuata sokoni kumwomba ashiriki. Akamwazima na baiskeli ya milimani. Gélase aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaangua kicheko.

"Hii kuku," alimwambia Adélaïde jioni. "Yangu ile ni ng'ombe."

Siku ya kwanza ya mazoezi, kuku akamtupa. Akamtupa kwenye mawe, akamtupa kwenye kona, na mara ya tatu akajikuta chini bila kujua ni nini kilichomwangusha. Alirudi na magoti yamechubuka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba barabara ya udongo ile haikuwa kali hata nusu ya ile aliyozoea.

Kesho yake akaenda Buyenzi kwa Hayat, fundi aliyerithi karakana ya baba yake, mzee Tajudini. Ni Hayat huyo aliyemchomea keria ya kubebea ndizi.

"Dada Hayat, nipimie hii fremu. Nazani imepinda."

Hayat akaigeuza juu chini, akazungusha magurudumu, akavuta breki. "Apana, ndugu yangu. Haina kitu. Twende nikuone wewe."

Wakapanda wote hadi kilimani. Hayat akasimama pembeni ya kona yenye mawe, mikono kiunoni. Gélase akashuka. Mbali kabisa na kona akaanza kubana breki kwa nguvu zote. Gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, likaserereka kama limekanyaga sabuni. Akaponea majanini.

Hayat alicheka mpaka akafuta machozi na ncha ya mtandio. "Gélase! We bado umebeba ndizi!"

"Ndizi gani tena?"

"Zile za miaka kumi na ine. Sikia. Ndizi zinakandamiza gurudumu, linashika chini. Jiwe likija, baiskeli inalipita juu tu, haina habari. Na kuisimamisha lazima uanze mapema, kwa mikono yote. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Hii ni nyepesi. Jiwe moja dogo linairusha. Ukiibana hivyo, gurudumu linagoma, juu hakuna mzigo wa kulikandamiza. Na we umekaa kama gunia! Mzigo sasa ni wewe. Simama kwenye pedeli, kunja magoti, kunja viwiko, uzito wako ushuke mu miguu. Breki, vidole viwili tu."

Akatoa upepo kidogo kwenye matairi ili yaukumbatie udongo, akamrudisha juu.

Mara ya kwanza Gélase alijiona kama mtu aliyetoka nyumbani bila shati. Mgongoni hapakuwa na kitu cha kumsukuma wala cha kumtuliza. Mara ya pili magoti yakaanza kuelewa: jiwe lilipokuja, baiskeli iliruka chini yake, naye akabaki palepale. Mara ya tatu aliingia kwenye kona vibaya, akaona shimo, akabadili nia katikati ya kona. Baiskeli ikamtii.

Akasimama chini, akatazama alikotoka. Kwa mzigo wa ndizi, ukishaamua umeamua. Kona unaiamua kabla hujafika. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuteremka huku akiwaza.

Jumamosi asubuhi, siku ya mashindano, walijipanga watu kumi na tisa. Sehemu ya mawe, Patrick, kijana wa Nyakabiga mwenye baiskeli nzito ya matairi manene, alimpita akinyoosha moja kwa moja kama mawe hayakuwepo, huku Gélase akirukaruka. Lakini zilipoanza kona, nzito ile ilikuwa ikichelewa kugeuka, na Gélase akampita Patrick, akampita na mwingine, vidole viwili vikigusa breki kama mtu anayeonja chumvi. Alimaliza wa nne.

"Wa nne!" Adélaïde alimdaka shingoni kana kwamba ameleta kombe.

"Patrick yuko wapi?" Gélase akauliza huku anahema. Patrick alikuwa wa tano, naye alikuja kumpa mkono. Wakabaki wanabishana kwa furaha ipi ni bora, nzito au nyepesi, kila mmoja akiitamani ya mwenzake.

Hayat hakuwasikiliza. Alikuwa ameshaichukua baiskeli ya Gélase na kuanza kuikokota kupanda mlima. Maisha yake yote ametengeneza baiskeli za watu, hajawahi kuteremka na hata moja.

"Vidole viwili, dada!" Gélase akapaza sauti.

"Najua!" akajibu bila kugeuka. Punde wakamwona juu, mtandio ameukaza, magoti ameyakunja, anakuja huku anapiga kelele na kucheka.