Mbwa wa Kuegemea

Mbwa yule alifika nyumbani kwetu Ilongero kwa bajaji, amekaa kiti cha nyuma kati yangu na mjukuu wangu Loyce, ametulia kama shangazi anayepelekwa harusini. Mume wangu, mzee Damiani, aliacha kupura alizeti akaja kumtazama. Alimzunguka. Mbwa naye akamtazama, akatikisa mkia kidogo, akalala chini.

"Huyu anaumwa?"

"Haumwi, Babu," Loyce akasema. "Anaitwa Uji."

"Ndiyo maana amepoa."

Loyce ana miaka minane, anaishi nasi kwa sababu mama yake anafanya kazi Manyoni. Wakati wa kusomba samadi alidondoka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akavunjika paja. Mfupa uliunga, plasta ikatolewa, lakini mtoto akakataa kabisa kuukanyagia ule mguu. Alikuwa akijivuta kwa makalio toka chumbani mpaka uani. Goti lilikuwa linakunjika, nyama za paja zinasinyaa. Daktari alituambia bila kuzungusha: asipoanza kusimama sasa, goti litaganda vile vile, na atakuwa kilema wa maisha.

Ndipo tukaanza kwenda mjini, hospitali ya Mandewa, kwa dada mmoja anaitwa Hana, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Dada mpole. Kila akiugusa mguu, Loyce alipiga kelele mpaka wagonjwa wengine wakachungulia dirishani. Hana hakumgombeza hata mara moja. Siku moja tulimkuta ana mbwa mkubwa, rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa.

"Shikamoo, Bibi. Unaogopa mbwa?"

"Marahaba. Mbwa siogopi, naogopa meno."

Akacheka. Akachukua mfuniko wa sufuria, akauangusha sakafuni nyuma ya mbwa. Mimi niliruka. Mbwa aligeuza kichwa, akauangalia mfuniko, akarudi kulala.

"Hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza," Hana akasema. "Hashtuki. Mtoto akilia, fimbo ikianguka, yeye yupo tu. Aina yake ni Labrador. Wazee wa zamani huko kwao waliwafuga wawaletee ndege waliowinda, wawabebe mdomoni bila kuwatoboa. Kwa hiyo walichagua wenye mdomo laini na wanaopenda kukaa karibu na mtu, wakawazalisha hao, vizazi na vizazi."

Hapo nikaelewa. Sisi tukitafuta maksai wa kulima hatuchukui ndama anayerusha mateke, hata awe na nguvu namna gani. Tunachukua anayekubali kushikwa masikio.

"Na wote wa aina hii wako hivi?" nikauliza.

"Hapana, Bibi. Wengine ni watundu kama watoto wa shule. Aina inasaidia, lakini lazima umwangalie na mwenyewe. Huyu nimemlea toka ananyonya, nikamwona."

Siku ile Loyce aliweka vidole kwenye manyoya ya shingo ya Uji, akawa anayachambua kama anatafuta kitu. Hana akalikunjua goti polepole. Mtoto aliuma mdomo, machozi yakamtoka, lakini hakupiga kelele. Tukaenda hivyo wiki kadhaa. Goti likanyooka. Kusimama bado.

Halafu alizeti ikakauka, ikabidi tuvune kabla ndege hawajaimaliza. Nilipomwambia Hana kwamba hatutaweza kuja mjini kwa muda, alimkuna mbwa masikio. Kisha akasema, "Basi nendeni naye. Loyce asikae bila mazoezi." Nilijua anaishi peke yake na yule mbwa. Alitufungia na blanketi la Uji, akaniagiza: asifungwe kamba, asifokewe, alale mahali mtoto anapomwona.

Maagizo hayo nilimpa mzee Damiani kama yalivyo. Lakini yeye ni mfugaji. Mbwa anaowajua ni wa kulinda zizi, na mbwa wa kulinda zizi anapochaguliwa akiwa mdogo huinuliwa kwa ngozi ya shingo: anayenguruma anabaki, anayenyamaza anatolewa kwa wengine. Mnyama asiyebweka kwake ni mnyama aliyekosewa malezi. Tena kwetu, mtu akikuwekea ng'ombe wake umtunzie, ni aibu kumrudisha alivyokuja. Lazima arudi amenenepa, ili mwenyewe ajue alimweka kwa watu.

"Yule dada ametuheshimu," alikuwa akisema wakati wa kula. "Hatuwezi kumrudishia mbwa hivi hivi."

Nilidhani anazungumzia kumnenepesha.

Asubuhi moja nilikuwa uani napepeta alizeti na jirani yangu Amne. Amne ni Mwislamu, mbwa hamgusi, lakini ndiye aliyemletea Uji gunia safi la kulalia siku ile alipofika, akalitandika mwenyewe pale upenuni na kurudi nyuma. Asubuhi hiyo gunia lilikuwa tupu. Loyce alikuwa amekaa kando yake, anageuka huku na huku.

"Bibi, Uji yuko wapi?"

"Atakuwa na babu yako."

Kabla sijamaliza tukasikia kutoka nyuma ya zizi kitu kama kukohoa, kisha sauti ya mzee Damiani: "Kasirika! Kasirika basi, wewe, hata kidogo!"

Loyce alitutangulia, anajivuta kwa makalio kwenye vumbi kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Sisi tukafuata, ungo ungali mkononi.

Uji alikuwa amefungwa kamba fupi kwenye nguzo ya zizi. Mbele yake kulikuwa na ugali uliokandwa na pilipili kichaa, maana ndivyo mbwa wa hapa wanavyofanywa kuwa wakali: kamba mchana, pilipili kwenye chakula, na mtu wa kuwachokoza. Macho yake yalikuwa yanachuruzika, mate yanamtiririka mpaka chini. Mzee Damiani alikuwa anampepea gunia usoni. Kila likipepewa, Uji anafumba macho, anangoja lipite.

"Babu! Unamfanya nini?"

"Namfundisha kazi, mke wangu." Ndivyo anavyomwita Loyce, kwa utani wao. "Nisimrudishe hana faida, yule dada akaona hatukumjali."

"Mzee Damiani," Amne akasema, "hata mimi nisiyemgusa namwonea huruma."

Mzee akatazama gunia mkononi, akaliacha lianguke. Akapiga hatua kwenda kuifungua kamba.

"Usimguse!" Loyce akapiga kelele.

Mtoto wa kwetu hamwambii babu yake hivyo. Mzee alisimama pale pale kama aliyepigwa.

Fundo lilikuwa juu, usawa wa kifua changu. Loyce alifika chini ya nguzo, akaangalia juu. Nilitaka kwenda. Amne akanivuta kanga. Yeye alikuwa ameona kabla yangu: mtoto ameweka mkono mgongoni mwa mbwa.

Mdomo wa Uji ulikuwa unawaka moto na nzi walikuwa wamemjaa machoni. Lakini ule mkono ulipomgusa aliitanua miguu yake minne, akawa kama benchi. Loyce akainuka kwa mguu mzima, ameegemea. Kisha ule mwingine ukashuka. Vidole kwanza. Halafu kisigino. Akalia, "Mama yangu!" Uji aligeuza kichwa tu. Hakusogea.

Kufungua fundo kunataka mikono miwili. Loyce akambana mbwa kwa nyonga, akaachia, akashika kamba.

"Babu, umekaza sana." Bado ana hasira.

"Vuta ile ncha fupi, mama," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Siyo hiyo. Ya chini. Ehee. Taratibu."

Kamba ikalegea, ikaanguka. Nafikiri Loyce ndipo alipogundua amesimama, maana alimng'ang'ania Uji shingoni kwa mikono yote.

Mzee Damiani aliondoka haraka. Nilidhani amekwenda kujificha. Alirudi na maziwa ya asubuhi, yale ya chai yetu sote, kwenye bakuli lake mwenyewe, akachuchumaa akamwekea Uji. Mbwa akanywa mpaka akalamba bakuli, kisha akamlamba na mkono. Mzee hakuuondoa.

"Nilitaka arudi vizuri," akasema, akiniangalia mimi.

"Loyce amekusikia," nikamwambia.

Kutoka zizini mpaka upenuni si mbali, lakini kwa Loyce siku ile ilikuwa safari. Alikataa kubebwa.

"Na mimi nisimame upande huu?" mzee akauliza.

Loyce akafikiri. "Simama. Lakini usiongee."

Wakaanza. Uji kulia, mtoto katikati, mzee kushoto. Loyce akikanyaga, mbwa anakanyaga. Loyce akisimama kuvuta pumzi, mbwa anasimama. Mzee Damiani, aliyezoea kutembea haraka nyuma ya ng'ombe, alikuwa ameshafika mbele yao.

"Babu, umepita," Loyce akasema. "Rudi."

Na mzee Damiani akarudi.