Mwali Katikati ya Mikoko

Harusi ya Wening ilipokaribia, aliwekwa ndani kama wanavyowekwa wanawali wa Kijawa. Asitoke, asionane na mchumba, asuguliwe unga wa mchele mpaka ang'ae. Alivumilia mpaka siku ya bamvua, maji yalipokupwa hadi mbali. Kazi yake ilikuwa kukagua afya ya mikoko ya mashariki mwa Surabaya, pale majumba mapya yanapozidi kuusogelea msitu. Akatoroka kwa kupitia dirishani.

Shoga yake na mwenzake kazini, Tutik, alimpokea akicheka. "Wee! Uso mweupe hivyo, nikadhani jini."

"Shika utepe, acha maneno."

Kipande cha msitu walichokuja kukipima walikuwa wamekikatia tamaa. Kifusi cha ujenzi kiliziba mkondo, majani yakawa manjano, plastiki zikaikaba mizizi. Mwaka uliopita wakazi waliuzibua, na leo ilikuwa lazima kuona kama umesaidia kitu. Walipima unene wa mashina na kukagua majani. Yalikuwa kijani, lakini Wening hakuthubutu kufurahi. Miti mikubwa tu, bila watoto, si msitu wa kudumu.

"Weniiing!"

Alikuwa Mama Sumarni, mkwe wake mtarajiwa, amesimama kwenye ukingo na mwavuli mkononi na blauzi ya kebaya ya hariri.

"Nimekwenda kwenu kukusalimia, nakuta kitanda kitupu! Mwali gani anazurura matopeni?"

"Mama, usishuke huku!"

Akashuka. Hatua ya pili ikammeza mpaka mapajani. Wakamkimbilia, huyu mkono huu, yule mkono ule, wakavuta. Badala ya yeye kutoka, wao ndio walioanguka, na yeye juu yao, pwaa!

Wening alijua ndoa imevunjika.

Mama Sumarni akajifuta tope machoni, akawatazama, kisha akaangua kicheko mpaka mwavuli ukamtoka. "Mama yangu wee! Tangu utoto sijaanguka hivi!" Akajaribu kuinuka. "Lakini hivi vijiti gani vinanichoma makalio?"

Tutik akainama, akapiga yowe. "Wening! Miche!"

Ilikuwa imejaa kote, mirefu kama vidole, kila mmoja na majani mawili yanayong'aa. Hakuna aliyeipanda. Mbegu zake zilikuwa zimeletwa na maji ya ule mkondo uliozibuliwa. Wening akalia na kucheka kwa pamoja, akambusu mkwe wake shavuni, tope kwa tope.

"Tukutoe kwanza, Mama."

"Hamnitoi mpaka mhesabu. Upande huu nahesabu mwenyewe. Tutik, usinikanyagie wanangu!"

Baadaye waliketi kwenye kibanda cha kando ya barabara wakila lontong, wali ulioshindiliwa ndani ya jani la mgomba, na kome, watu wakiwashangaa. Mama Sumarni aliazima simu ya Tutik, akampigia mwanawe, mchumba wa Wening.

"Usiniulize niko wapi. Sikiliza. Bamvua ijayo mkeo ana kazi, na mimi naenda naye. Wewe utapika."