Kiwiko cha Mama

Fundi alikuwa ameshika mabomba ya watu wa madhehebu yote kwa miaka ishirini, na uzoefu ulimfundisha kwamba vyoo vya waliookoka huziba sawasawa na vya wengine. Neno hilo alilisema mara moja tu mbele ya wazee wa kanisa lake. Hakuna aliyecheka, na tangu siku hiyo akajua ni watu wa namna gani anaosali nao.

Hata hivyo aliwapenda, kwa jinsi mtu anavyowapenda ndugu asiowachagua. Shida ilianza baba yake alipofariki na mama akahamia kwake. Mama alikuwa Mkristo tangu hajaota meno. Alimwagiwa maji kichwani akiwa mchanga wa wiki sita, akaimba kwaya miaka arobaini, akalea watoto sita na kumzika mume bila kumkufuru Mungu hata siku moja, ingawa mume mwenyewe alimpa sababu za kutosha. Kanisa la Fundi lilikuwa la watu wa ubatizo wa kuzamishwa. Jumapili ya kwanza ya Meza ya Bwana, shemasi mwenye sinia la mkate alifika mbele ya mama, akasita, akamruka, akampa aliyefuata. Mama alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Aliurudisha taratibu, akajifanya anaweka sawa kilemba. Fundi aliona yote.

Baada ya ibada alimwendea Mzee Kifungu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata chumvi mezani hawezi kuiomba bila kutaja sura na mstari. Mzee Kifungu alimpokea kwa upole mwingi. Alimweleza kwamba hakuna anayetilia shaka wema wa mama yake, ila kwa mujibu wa mafundisho mama hakubatizwa. Alilowana tu.

Fundi aliogopa kumfikishia mama habari hizo. Mama alisikiliza huku akikunja nguo za wajukuu, akauliza kama maji ya hao watu ni ya baridi, kisha akasema, “Wanizamishe. Nimefanya ya kijinga kuliko hayo kwa ajili yenu. Mimi nataka kula na wanangu.”

Sasa kanisa halikuwa na birika la ubatizo. Zamani waliazima la kanisa jirani, wakakosana nalo kwa sababu wale huzamisha mara tatu na hawa mara moja, na kila upande ulimwona mwenzake anacheza na maji. Fundi akajitolea kujenga birika kwa mikono yake. Alidhani ni kazi ya wiki mbili. Alisahau kamati.

Kamati ilikaa miezi kumi na minne. Walijadili kama maji yawe yametulia au yanatiririka, na waliotaka yatiririke wakamwuliza Fundi kama mfereji ukiachwa wazi kidogo unahesabiwa. Walijadili kama mtu alazwe chali au ainamishwe kifudifudi, hadi mzee mmoja akalala sakafuni kuonyesha, na ikabidi wamsaidie kuinuka. Mwishowe wote wakakubaliana kwamba maji yafike kiunoni. Wakapeana mikono. Ndipo Fundi, akiwa na futi mkononi, akauliza kiuno cha nani.

Kikao kikaanza upya. Mchungaji alikuwa mrefu, lakini kupima kwake kungeonekana ni kumtukuza mtu. Katibu alikuwa wa wastani, ila alikuwa na maadui. Basi wakakata shauri kupima kiuno cha mtoa hoja, naye alikuwa Mzee Kifungu, ambaye akisimama nyuma ya mimbari huonekana kipara tu. Fundi aliwaonya kwamba mtu mzima hatazama vizuri humo. Aliambiwa mabomba ni yake, mafundisho ni ya wazee. Akajenga kama alivyoambiwa, kasoro kitu kimoja alichoongeza bila kuomba ruhusa ya mtu: ukingoni alifunga kipande cha bomba la chuma, mama apate pa kujishikilia asiteleze.

Siku ilipofika kanisa lilijaa. Meza ilikuwa imeandaliwa, ili mama akitoka majini akale moja kwa moja. Aliingia na gauni jeupe, na maji yakamfika chini kidogo ya mapaja, maana mama alikuwa mwanamke mrefu. Mchungaji, mrefu kumzidi, ikabidi apige magoti ndani ya maji kama mtu anayefua. Akatamka maneno, akamlaza chali. Mama alizama uso, kilemba, tumbo na miguu. Lakini alipohisi maji yanamwingia puani, mkono wake wa kushoto ulikamata lile bomba la mwanawe, na ukabaki juu, mkavu, kuanzia kiwiko hadi kucha.

Mchungaji akamwinua, kwaya ikashika wimbo. Mzee Kifungu akainua kidole, na kwaya ikakatika katikati ya ubeti.

“Kiwiko hakikuzama,” alisema.

Wazee wakasogea pembeni na kuanza kujadiliana palepale, sauti zikisikika hadi viti vya nyuma. Mmoja alisema sehemu kubwa imezama na inatosha. Mwingine akataka kiwiko kizamishwe peke yake. Akaulizwa kama yale maneno matakatifu yanaweza kutamkwa juu ya kiwiko, akaondoa hoja yake. Wa tatu alihofia kwamba wakirudia mama atakuwa amebatizwa mara tatu, ukihesabu ile ya utotoni, jambo litakalowafurahisha sana watu wa kanisa jirani. Wakati huo wote mama alisimama majini akitetemeka, gauni limemgandia, na hakuna hata mmoja aliyemtazama. Fundi akaona inatosha. Aliingia birikani na viatu vyake vya Jumapili, akamtoa, akamvika koti lake, akamkalisha kati yake na mkewe.

Mchungaji, maskini, alikuwa mtu mwema asiyependa ugomvi. Alitangaza kwamba ibada iendelee, na kwamba suala la dada yetu litasubiri kikao. Sinia likaanza kupita. Shemasi alifika kwa mama, akasita, akaanza kumruka.

“Mwanangu,” mama akamwambia, bila kupandisha sauti, “kiwiko hakili. Nipe mimi, chenyewe kisubiri kikao.”

Mtu mmoja nyuma alikohoa ili asicheke. Shemasi alibaki amesimama, jasho linamtoka, macho kwa wazee. Fundi alichukua kipande chake, akakimega kati, akamwekea mama nusu kiganjani. Mama akala. Alitafuna akitazama mbele, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta.

Kikao kilikuwa Jumanne. Kwa kura tano kwa nne waliamua kwamba ubatizo wa mama ni halali, kwa maelezo yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu kwamba kiwiko kilikuwa na nia ya kuzama. Kwa kura tisa bila ya kupinga walimtenga Fundi kwenye Meza kwa miezi mitatu, kwa kugawa mkate bila idhini. Na kwa kuwa sasa alikuwa na nafasi, wakamwomba aongeze kina cha birika.

Wiki tatu Fundi alikuwa amekunja uso. Jumapili ya Meza iliyofuata alikaa pale pale, pembeni ya mama. Sinia lilifika kwake, shemasi akakodolea macho dari, likapita. Likafika kwa mama. Shemasi akainama kwa heshima, mama akachukua. Fundi asingeweza kuapa kwamba hakutegemea kumegewa nusu, kama alivyommegea yeye. Hata mkono ulikuwa umeshaanza kufunguka gotini.

Mama hakumega. Alitia kipande chote mdomoni, akafumba macho, akatafuna polepole mpaka kikaisha. Kisha akamwinamia sikioni.

“Miezi mitatu si mingi, baba,” alinong’ona. “Mimi nilingoja kumi na minne.”

Fundi alicheka kwa sauti, kanisani, wakati wa maombi, hadi Mzee Kifungu akageuka kumtazama. Hakujali. Hasira yote ilikuwa imemtoka. Mama yake alikuwa amekula kipande kizima, alichopewa na shemasi mwenyewe, kama mtu mwingine yeyote.