Kadi Iliyoambiwa Isubiri

Fundi wetu wa kompyuta tunamwita Usiguse, kwa sababu ya vikaratasi vyake. Akishika kitu, hukibandika karatasi nyekundu yenye neno hilo, hata kama alichofanya ni kupangusa vumbi tu. Jumanne, kioo cha kompyuta inayoendesha mashine yetu ya kutarizi kilipozimika, alikuja, akachomeka kadi mpya ya picha, ile inayotuma picha kwenye kioo, akawasha. Giza. Akazima, akawasha. Giza lilelile. Akabandika karatasi yake, akampigia simu shemeji yangu: "Bosi, hii imekufa. Lete gari kesho saa sita tukaitupe."

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na maua ya mama mkwe wangu, mia mbili na kumi na mawili, aliyoyachora kwa miaka kumi na mmoja kabla macho hayajamtupa mkono. Kwingine hayapo.

"Mama atachora mengine," alisema shemeji, mtu ambaye hajawahi kuchora hata mstari wa kufuata kwa mkasi.

Kesho yake saa nne nikachomoa waya wa umeme, nikashika bisibisi.

"Unafanya nini, mwanangu?" mama mkwe akauliza kutoka kitini kwake.

"Naigusa, mama."

"Na ukiiharibu?"

"Si imeshakufa? Maiti hauawi mara mbili."

Shule niliiacha darasa la sita, ila dunia imenifunza kwamba karatasi iliyokuja ndani ya boksi husomwa kwanza. Ya kadi hii fundi aliiwekea kikombe chake juu. Chini ya duara la chai palikuwa na mchoro: pini tatu zimesimama mstari, na kikofia cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele. Pini mbili za kushoto zikivaa kikofia, kadi ni ya pili. Zikikivaa za kulia, ni ya kwanza.

Nikaichomoa kadi, nikaitazama. Kushoto, kama ilivyotoka kiwandani.

"Mama, sikia kituko. Kompyuta ina kadi yake ya kuzaliwa nayo, ndiyo iliyoungua. Hii mpya wameipanga iwe ya pili. Haitoi picha mpaka ya kwanza iamke."

"Na ya kwanza ndiyo imeungua."

"Kabisa."

"Kwa hiyo imekaa na adabu zake, inamngoja marehemu." Alicheka mpaka akakohoa. "Ihamishe. Mimi niliolewa kwenye nyumba ya namna hiyo."

Nikachukua kibano cha kutolea nyuzi, nikakivuta kikofia. Kikaruka, kikapotelea sakafuni katikati ya vipande vya uzi. Nilitazama nikachoka. Aliyekipata ni mama, asiyeona, kwa vidole vilivyozoea kusaka sindano.

Ndipo wakaingia fundi na shemeji, nusu saa kabla ya muda wao.

"Rudisha kilivyokuwa," fundi akasema. "Mwenye kiwanda anajua kuliko wewe."

"Mwenye kiwanda hajui kama ile nyingine imeungua. Mimi najua, nilisikia harufu yake."

"Shemeji, sogea," akasema shemeji. "Gari linangoja nje."

"Lingoje. Gari halina miguu ya kuuma."

Sikusogea. Niliwapa mgongo, na huu mgongo umebeba mazito kuliko macho ya wanaume wawili. Kikofia kikaingia kulia. Nikarudisha kadi mahali pake, nikachomeka waya, nikawasha.

Kioo kikawa kijivu, kisha maandishi, kisha ua.

"Limetoka?" mama akauliza.

"Limetoka, mama. Lile la petali saba."

Nikaiwasha mashine. Sindano ikaanza kugonga kitambaa, na mama akaja akaweka kiganja pembeni, akifuata petali moja moja kwa vidole.

Shemeji alikuna kichwa. "Sasa mama, gari nimeshalikodi. Nirudi nalo tupu?"

"Usirudi nalo tupu," alijibu, kiganja bado kitambaani. "Mpakie fundi."